Uvuguvugu Hauui Vijidudu

Kuna imani iliyokaa vichwani mwa watu wengi kama sheria ya serikali: maji yakishapashwa moto, vijidudu vimekufa. Utaisikia sokoni Siongiroi, utaisikia Bomet mjini, na utaisikia Nairobi kwa watu wenye shahada. Miaka ya karibuni imani hiyo imehamia kwenye jakuzi. Kempu za Maasai Mara zinaiweka jakuzi kwenye veranda ya hema, nyumba za wageni zinaitangaza kwa picha mitandaoni, na wapo wastaafu wetu wanaoulizia bei yake kabla nyumba haijapigwa lipu. Ukiuliza maji yale husafishwaje, unajibiwa kwa kujiamini kwamba ni ya moto, basi ni safi. Jibu hilo si kweli, tena ni la hatari, na mimi nimechoka kulinyamazia.

Wanaolitoa si watu wabaya. Tangu shule ya msingi tumefundishwa kuchemsha maji ya kunywa, na fundisho hilo ni sahihi. Kosa linaingia pale maji yaliyochemka na maji yaliyopata joto tu yanapohesabiwa kuwa kitu kimoja. Maji yakichemka huku kwetu kwenye mwinuko yamefika nyuzi 90 na kitu. Jakuzi huwekwa kati ya nyuzi 37 na 40, na 40 ndicho kikomo ambacho wataalamu wa afya wanashauri kisivukwe, maana juu ya hapo mwili unashindwa kujipoza. Kwa hiyo tunazungumzia maji yenye joto la mwili wa binadamu, au juu yake kidogo. Sasa, bakteria aina ya Legionella, wanaoleta nimonia kali, huzaana vizuri kati ya nyuzi 25 na 45. Pseudomonas, wanaoshambulia ngozi na masikio, nao wanastarehe humo humo. Ili kuwaua Legionella kwa haraka unahitaji nyuzi 60 na kuendelea, na maji ya nyuzi 60 yanamwunguza mtu kwa sekunde chache. Hakuna mgeni atakayelipa ili aunguzwe. Maji ambayo mtu anaweza kukaa ndani yake nusu saa akicheka na kunywa soda ni maji ambayo bakteria wanaweza kuishi ndani yake mwaka mzima.

Watu wa Siongiroi tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganyika katika jambo hili. Chai iko juu, Konoin na Kericho. Sisi huku Chepalungu tunategemea zaidi mahindi na ng'ombe, na maziwa yetu yanakwenda kwenye kiwanda cha kupozea. Simama pale asubuhi uangalie kazi inavyofanyika. Mpokeaji anakoroga mkebe, anachota maziwa kidogo, anayachanganya na alkoholi kwa kiasi kile kile, anatikisa, anaangalia. Yakishikana vipande vipande, mkebe unarudi nyumbani. Hakuna anayesikilizwa akisema, "Lakini ni meupe." Hakuna anayesamehewa kwa kuwa ni mzee wa kanisa. Yanayopita yanashushwa hadi nyuzi 4, kwa sababu kila mfugaji anajua kwamba yakiachwa na joto la kiwele hadi mchana yatakuwa yameharibika. Joto la kiwele ni nyuzi 38 na kitu. Ndilo joto la jakuzi, karibu nyuzi kwa nyuzi. Na pale tunapotaka mursik, maziwa yetu ya mgando, tunafanya kinyume kwa makusudi: maziwa yanaingia kwenye kibuyu cha sotet, hayapozwi, yanaachwa siku kadhaa ili viumbe visivyoonekana vifanye kazi yao. Jamii inayokula matunda ya elimu hiyo kila siku inawezaje kumtuma kijana wake kufanya kazi kempu, kisha kijana aamini kwamba nyuzi 38 zinazoharibu maziwa zinasafisha maji?

Nilimwuliza swali hilo kijana mmoja wa kwetu anayetunza jakuzi katika kempu moja ya Mara. Hakukasirika. "Mwalimu," akaniambia, "hayo maji nayaona mpaka chini. Ukiangusha shilingi kumi nakuambia ni ya mwaka gani." Hapo ndipo imani ya pili inapojitokeza kuisaidia ya kwanza: maji yanayong'aa ni maji safi.

Sitaki kuidharau sana imani hii, kwa sababu nusu yake ni kweli. Maji machafu ya tope ni ishara mbaya. Mto Nyangores na Mto Amala ikijaa wakati wa masika, udongo unaochukuliwa na maji huwapa vijidudu mahali pa kujificha, na klorini inayotiwa humo inaishia kupigana na udongo badala ya kuwaua. Ndiyo maana maji ya mto yanatakiwa kutulizwa kwa shabu au kuchujwa kwanza. Ila kinyume chake hakifuati. Maji yanaweza kung'aa kama kioo yakiwa na bakteria kwa mamilioni, kwa sababu bakteria mmoja haonekani kwa jicho, na hata wakiwa wengi sana inachukua muda kabla maji hayajaanza kuwa na ukungu. Ukiona ukungu, umechelewa.

Hesabu ndogo itaonyesha kwa nini jakuzi huchafuka upesi kuliko bwawa la kuogelea. Chukua jakuzi ya lita 1,500 yenye watu 4 ndani yake. Chukua na bwawa lenye urefu wa mita 25, upana wa mita 10 na kina cha wastani cha mita 1.5. Bwawa hilo lina lita 375,000. Ukitaka lisongamane kama jakuzi ile, itabidi uingize watu 1,000. Hebu wafikirie watu elfu moja ndani ya bwawa moja la hoteli, wote wakitokwa jasho, wote wamejipaka mafuta na losheni ya jua, wengine wametoka safarini na vumbi la barabara. Hakuna meneja atakayeruhusu. Wanne kwenye jakuzi anawaruhusu kila jioni, na pengine wanne wengine wanapokezana nao usiku.

Wakati watu hao wanaongeza uchafu, joto na mapovu yanaondoa dawa. Klorini hupotea upesi katika maji ya moto kuliko ya baridi, jua nalo linaimaliza, na ule msukosuko wa pampu unairusha hewani. Mtunzaji aliyetia dawa saa kumi na mbili asubuhi na kuridhika, kufikia jioni anaweza kuwa na maji ya moto yasiyo na kinga yoyote. Huo ndio uhusiano halisi wa moto na usafi katika jakuzi: moto humaliza dawa. Wanaosema moto unasaidia wameligeuza jambo kichwa chini.

Wapo watakaoniambia, "Sisi kwetu klorini tunatia ya kutosha, ukikaribia tu unaisikia puani." Hii ndiyo hoja ninayoikuta hata kwa mameneja, na ndiyo inayoonekana ya kitaalamu kuliko zote. Ile harufu kali inayowasha macho mara nyingi si ya klorini iliyo tayari kufanya kazi. Ni ya klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo ikawa kemikali nyingine, kloramini, ambayo nguvu yake ya kuua vijidudu ni ndogo. Maji yaliyotunzwa vizuri hunuka kidogo sana. Kwa hiyo harufu unayoisifia inakuambia kwamba dawa imetumika na uchafu bado upo. Sijui kama kuna ishara nyingine ya usafi inayosomwa vibaya na watu wengi kuliko hii.

Kuna na mahali ambapo macho na pua havifiki kabisa. Nyuma ya matundu yanayorusha maji kuna mabomba membamba yaliyopinda. Jakuzi ikizimwa, maji hulala humo. Bakteria wakipata ukuta wa kushika hujijengea utando wenye utelezi, na ndani ya utando huo klorini hupenya kwa shida. Asubuhi, kabla pampu haijawashwa, pitisha kidole kwenye mstari ambao maji yanagusa ukuta. Kikiteleza, jua kwamba ndani ya mabomba hali ni hiyo au mbaya zaidi. Pampu ikiwashwa, matundu yanarusha vipande vya utando ule juu pamoja na mapovu, na matone madogo yanakuwa ukungu unaoelea usawa wa pua za walioketi. Legionella humwingia mtu hasa kwa njia hiyo, kwa kuvuta hewa yenye matone. Kwa hiyo yule anayejitetea kwamba hakuna mtu anayeyanywa maji ya jakuzi amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Hoja ambayo wenye biashara huiweka mwisho, kama fundo la kufungia mjadala, ni hii: hakuna mgeni aliyewahi kuugua hapa. Ninawaamini kwamba hawajawahi kumwona. Ugonjwa wa Legionella huchukua kwa kawaida siku 2 hadi 14 kabla haujajitokeza. Mgeni wa Mara hukaa siku mbili tatu. Atakapoanza kukohoa na kuwaka homa atakuwa yuko Mombasa, au London, au kwao Eldoret, na daktari wake ataona nimonia kama nimonia nyingine, asipofikiria kuagiza kipimo cha mkojo kinachomtafuta bakteria huyo. Vipele vya Pseudomonas huwahi zaidi, vikijitokeza baada ya saa chache au siku chache, aghalabu chini ya nguo ya kuogelea, na mgonjwa husingizia mbu au sabuni ya hoteli. Kempu inayosema haijapata mgonjwa inasema tu kwamba wagonjwa wake huondoka mapema.

Walioangalia kwa makini wamepata walichokitafuta. Februari 1999, katika mji wa Bovenkarspel nchini Uholanzi, kulikuwa na maonyesho makubwa ya maua. Ndani ya ukumbi mmoja wafanyabiashara walionyesha jakuzi, yenye maji ya vuguvugu na mapovu, ya kutazamwa tu. Hakuna aliyeingia ndani yake. Watu walipita kando wakatazama bidhaa, wakaenda zao. Zaidi ya watu 180 waliugua, na idadi ya waliokufa inayotajwa Uholanzi hadi leo ni 32. Miaka 20 baadaye, Septemba 2019, jambo lile lile likatokea kwenye maonyesho ya kilimo huko North Carolina, Marekani: jakuzi za kuonyeshwa, ukumbi uliojaa watu, wagonjwa zaidi ya 130, wanne wakafa. Nchi hizo zina maabara, zina sheria, zina wakaguzi. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilipohesabu milipuko ya magonjwa iliyotokana na mabwawa na jakuzi zinazotiwa dawa kati ya mwaka 2000 na 2014, ilipata milipuko 493, na karibu theluthi moja ilihusishwa na hoteli. Asiyehesabu hapati namba, na kukosa namba si kukosa ugonjwa.

Kuna kundi jingine linalonishambulia kutoka upande wa pili. Hawa wanasema kemikali ndizo zinazodhuru, na kwamba suluhisho ni maji ya asili: chemchemi za moto za Maji Moto kule Narok, au za Ziwa Bogoria. Nazipenda chemchemi hizo na sina ugomvi nazo. Lakini tuangalie vizuri. Bogoria kuna chemchemi zinazokaribia kuchemka; watalii huchemsha mayai humo yakaiva. Katika maji yale bakteria wa magonjwa hawana maisha, na wewe pia huna. Ili uoge, maji lazima yapoe, na yakipoa hadi kukufaa wewe yamewafaa na wao. Katika maji ya asili ya vuguvugu huweza pia kuishi amiba aitwaye Naegleria fowleri, ambaye akipanda puani anaweza kufika kwenye ubongo, na wanaopona ni wachache mno. Ni nadra sana, sitaki kumtisha mtu. Nasema tu kwamba asili haijawahi kuwa mhudumu wa bwawa.

Na wale wanaoniuliza Siongiroi inahusikaje na starehe za matajiri, wakati akina mama wetu wengine bado wanapakia mitungi juu ya punda? Swali lao lina uzito, na kama mjadala ungekuwa juu ya nani apate maji kwanza, ningekuwa upande wao. Lakini uhaba wa maji ndio unaofanya jakuzi zetu kuwa hatari zaidi. Mahali ambapo maji huletwa kwa lori na kulipiwa kwa lita, mwenye nyumba ya wageni huona uchungu kuyamwaga. Anaongeza ndoo mbili juu ya yale ya zamani, wiki baada ya wiki. Na wanaotumbukiza mikono humo, wanaovuta ukungu ule saa nane kwa siku, ni watoto wetu. Halafu kanuni hii haiishii kwenye jakuzi. Mtambo wa sola ulio juu ya paa, unaokaa kwenye nyuzi 40 msimu wa mawingu, ni nyumba nzuri ya Legionella vile vile. Tangi la maji ya moto linatakiwa kufikishwa nyuzi 60, kisha maji yachanganywe na ya baridi kwenye bomba la kuogea.

Kazi yenyewe wala si ya ajabu. Karatasi za kupimia maji zinauzwa pamoja na dawa za mabwawa. Unachovya moja, unasubiri sekunde zilizoandikwa kwenye kopo, unalinganisha rangi. Klorini huru isiwe chini ya miligramu 3 kwa lita. Kama ni bromini, ianzie 4 na isizidi 8. Kipimo cha pH kiwe kati ya 7.0 na 7.8, na wengi hupuuza hiki kwa kuwa hakina harufu wala rangi machoni. Wasikipuuze. pH ikifika 8, sehemu ya klorini yenye makali inabaki kama robo au chini ya hapo, hata kama kopo zima limemwagwa. Pima angalau mara mbili kwa siku, na zaidi wageni wakiwa wengi. Osha chujio. Wageni waoge kwa sabuni kabla ya kuingia, hata kama wamelipa dola. Kuhusu kumwaga maji, gawanya lita za jakuzi kwa 11, kisha gawanya kwa wastani wa watu wanaoingia kwa siku: ile ya lita 1,500 yenye watu 12 kwa siku imwagwe na kusuguliwa kila baada ya siku 11 hivi. Mwenye kuona maji ni ghali asinunue jakuzi.

Mtunzaji apewe glavu na miwani, maana vichembe vya klorini vinaunguza, na aonywe asiichanganye kamwe na asidi ya kusafishia choo, kwa kuwa hewa inayotoka huchoma mapafu. Hili si suala la hisani ya mwajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka amlinde mfanyakazi wake. Mara nyingi ninachokiona ni kijana aliyepewa kopo lenye maandishi ya Kiingereza, kijiko cha plastiki, na maelekezo ya mdomo kwamba "tia kiasi." Akikosea, analaumiwa yeye.

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa huduma haki ya kulindwa afya na usalama wake, na huduma za afya za kaunti ziko mikononi mwa kaunti zenyewe. Basi maafisa wa afya ya umma wa Bomet, Kericho na Narok, wanaoingia jikoni mwa hoteli kukagua cheti cha mpishi, wafike pia nyuma kwenye pampu. Waombe daftari la vipimo lenye tarehe, saa, klorini, pH na sahihi ya aliyepima. Nawe msomaji, ukienda Krismasi na familia ukakuta jakuzi inafuka mvuke, usimwulize mhudumu kama maji ni ya moto. Omba daftari. Lisipokuwepo, msiingie, na mdai mrudishiwe pesa zenu.